Niache ualimu nifuate uampaya wa kriketi? Nishaurini

BintiWaNax: Wadau habari zenu. Nafundisha hesabu shule ya praiveti hapa Nakuru na wikendi nasimama ampaya (mwamuzi) kwa mechi za klabu, ndoto yangu ni kufika mechi za ICC, shirika la kriketi duniani. Sasa shule imeleta masomo ya Jumamosi na ndio siku yetu ya mechi, nimefikiria niache kazi niingie mzima mzima lakini mama hataki hata kusikia. Halafu mimi ni msichana na sijawahi chezea timu ya taifa. Nifanyeje?

Mzee wa Milimani: Binti yangu usiache kazi. Steve Bucknor wa Jamaika alikuwa mwalimu wa hesabu kama wewe, na alisimama fainali tano za Kombe la Dunia mfululizo kuanzia 1992 hadi 2007. Msikilize mama, mshahara ndio utakubeba.

Ova6_Kisumu: Kutochezea taifa kusikusumbue dada, Simon Taufel wa Australia hakuwahi cheza Test (mechi za kimataifa za siku tano) hata moja na alikuwa ampaya bora wa ICC mara tano mfululizo, 2004 mpaka 2008. Na Claire Polosak, mwanamke kama wewe, alisimama ODI (mechi ya kimataifa ya siku moja) ya wanaume 2019, Namibia na Oman. Yeye alikuwa kwa Development Panel ya ICC, orodha inayochukua pia waampaya wa nchi ndogo za kriketi kama Kenya, kwa hivyo fanya mitihani ya uampaya hapa Kenya ujulikane kwanza.

BintiWaNax: Asanteni sana. Na Jumamosi je?

Ova6_Kisumu: Omba kubadilishana, chukua remedial za jioni katikati ya wiki umwachie mwenzako Jumamosi. Andika barua kabla ratiba haijafungwa, ukienda kwa mdomo tu watasahau. Siku ukiwa huru jioni nenda neti, pale wachezaji wanapofanyia mazoezi, usimame nyuma ya stampu (vile vijiti vitatu) upande bola, yule mrusha mpira, anaporushia. Shida kubwa ya ampaya mchanga ni macho, unaangalia mguu wa mbele kama umevuka laini halafu hapo hapo unainua macho uone mpira umedunda wapi, na ukidunda nje ya legi (upande wa miguu ya mpigaji) hiyo si elbw, yaani mpigaji hatoki kwa mpira kumgonga mguu mbele ya stampu, hata wakupigie kelele timu nzima. Hiyo haisomwi kwa kitabu, inataka mipira mingi sana.

BintiWaNax: Barua naandika leo. Neti nitauliza kapteni kama ataniruhusu.

Mzee wa Milimani: Ataruhusu, mabola hupenda mtu wa kuwaambia noboo, yaani mguu umevuka laini, mapema.