Mrejesho: Risasi zangu zilizokuwa zikienda chini kushoto

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini nalenga katikati, natumia mkono wa kulia, lakini risasi za bastola zinatua chini kushoto. Wengi mlisema tatizo si bastola: naogopa mshindo kabla haujaja, nasukuma mkono. Kusema kweli sikuamini.

Jumamosi tukaenda uwanja wa shabaha, marafiki wanne. Msimamizi akatukumbusha mtutu uelekee shabaha muda wote, na kidole kikae nje ya triga mpaka uwe tayari kufyatua. Nikamwomba rafiki anijazie magazini, achanganye risasi bandia mbili, zisizolipuka, bila kuniambia ziko wapi. Ya tatu nikavuta triga: tik. Hakuna mlio, ila mdomo wa bastola ulizama chini kama vile mtu kanigonga kiwiko. Wote waliona. Nikakubali.

Nikahamia bastola ya risasi ndogo za .22, ambayo hairuki sana mkononi, umbali wa mita 7. Triga polepole, macho kwenye kilengeo cha mbele, shabaha naiacha ififie. Na yule aliyenishauri nivae plagi masikioni na vizuia kelele juu yake, Mungu akubariki! Nusu ya woga wangu ulikuwa ule mlio.

Matundu matano ya mwisho yalifunikwa na kiganja changu, katikati kabisa. Niliporudi kwenye bastola ya mwanzo, ya 9 mm, risasi mbili zilishuka tena, nyingine zikatulia. Karatasi nimeihifadhi. Asanteni sana.