Tupeane uzoefu: mliokuwa Detroit mji ulipofilisika

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Kila nikipiga simu Tanga naulizwa ilikuwaje mji wa Marekani ukafilisika mpaka ukaenda kwa jaji. Namba zinajulikana: 18 Julai 2013, deni la takriban dola bilioni 18, na hakuna mji mkubwa kuliko huo uliowahi kuomba ulinzi wa mahakama nchini humu. Mimi natafuta yaliyowagusa nyinyi. Ulikuwa unafanya kazi gani, na kipi kiliharibika kwanza?

Naanza. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, upande wa mashariki. Karibu asilimia 40 ya taa za barabarani zilikuwa zimekufa na mtaa wetu ulikuwa humo. Kazi ikiisha tunasubiriana mlangoni, tunatoka kwa kundi hadi kwenye magari. Polisi? Ripoti ya Kevyn Orr, yule meneja wa dharura aliyeletwa na gavana, ilisema wastani wa kufika kwenye tukio zito ni dakika 58. Ndiyo maana hiyo 2013 hainisumbui sana. Huo ni mwaka wa makaratasi tu, giza tulishalizoea.

Dereva mstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimeendesha basi la mji hadi nikastaafu. Sisi wa kundi la jumla, yaani wafanyakazi wa mji wasio polisi wala zimamoto, tulikatwa pensheni asilimia 4.5. Mtu akisikia anasema mbona kidogo! Subiri. Nyongeza ya kila mwaka ya kufidia kupanda kwa bei ilifutwa kabisa, na bima ya afya tuliyoahidiwa ikageuzwa posho ndogo. Wenye akaunti za akiba ndani ya mfuko wa pensheni walidaiwa hadi riba iliyosemekana walilipwa kupita kiasi. Polisi na zimamoto pensheni yao ya msingi haikuguswa.

Mpango huo tuliupigia kura. Ukikataa, panga ni zaidi ya robo ya pensheni. Sasa hapo unachagua nini?

Kilichotupunguzia makali ni jumba la sanaa, lililokuwa mali ya mji. Wadai walitaka michoro ipigwe mnada, na mle kuna hata Van Gogh. Taasisi za hisani, jimbo na jumba lenyewe wakaahidi zaidi ya dola milioni 800 kwa miaka 20 ziingie kwenye pensheni, michoro ibaki. Nilikuwa sijawahi kukanyaga pale. Siku hizi naenda, wakazi wa kaunti yetu tunaingia bure. Ile michoro ya Diego Rivera ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari nakaa naitazama hata saa nzima.

Msomaji wa Kinondoni
Wazee mnazunguka. Meya aliiba, basi. Huyo Kilpatrick si alipigwa miaka 28?

Mleta uzi
Alipigwa, Oktoba 2013, na alistahili kushtakiwa. Ila mkuu, kwa wizi wa mtu mmoja hufiki bilioni 18. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu kama milioni 1.85. Sensa ya 2010 ikakuta 713,777. Viwanda vilihama, Wazungu wakahamia vitongoji vya nje, na baada ya ghasia za 1967 kasi ikaongezeka. Watu weusi wenye kipato nao wakafuata. Eneo halikupungua hata hatua moja. Mabomba yaleyale, barabara zilezile, walipa kodi wachache, na wastaafu karibu mara mbili ya wafanyakazi.

Halafu 2005 wakakopa dola bilioni 1.4 kuziba pengo la pensheni, wakafunga na mikataba ya kubashiri kwamba riba itapanda. Riba ikaporomoka 2008, ubashiri ukawageukia, hadi kodi ya kasino ikawekwa dhamana. Hapo kwangu ndipo kitanzi kilipokazwa.

Fundi bomba
Mimi nimeishi kwa kuingia nyumba za mnada, zile zilizochukuliwa kwa deni la kodi. Nyumba iliyokosa mteja raundi ya kwanza ilianzia dola 500. Mteja anaita fundi aunganishe maji, nafungua ukuta, hakuna kitu: shaba yote imeshaenda kwenye skrepa. Wakati mwingine na boila.

Kisichosemwa sana: bili ya maji ikilala ilikuwa inaingizwa kwenye kodi ya majengo, na kodi hiyo ikilala miaka mitatu nyumba inachukuliwa. Mwaka 2014, kesi ikiwa bado mahakamani, maelfu ya nyumba zilikatiwa maji. Mama anaanza na bili, anamalizia bila nyumba. Na nyumba tupu hailipi kodi, kwa hiyo mji unazidi kukosa hela. Mwanasheria atawaelezea vizuri, mimi naeleza nilichokiona chini ya masinki.

Mmombasa wa Birmingham
Nasi huku Uingereza tumo. Septemba 2023 halmashauri ilitangaza haiwezi kulipa. Kubwa lilikuwa madai ya kina mama wa usafi, jikoni na ulezi waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi za thamani sawa, pamoja na mfumo wa kompyuta uliokula mamilioni. Serikali ikaleta makamishna, na 2024 kodi ya halmashauri ikapanda karibu asilimia 10. Mwaka 2025 wazoa taka wakagoma. Panya tuliowaona sitaki kuwahadithia, mwenye kula ale kwanza.

Msomaji wa Kinondoni
Sawa, nimeelewa. Fundi, hizo nyumba bado zipo? Nina shemeji yuko Ohio.

Fundi bomba
Zipo, bei siyo ile. Mwambie kabla ya kutoa hela aulize deni la kodi na la maji kwa namba ya nyumba, halafu ashuke chumba cha chini ya nyumba na tochi, aone kama mabomba yapo.