Nimetoka gerezani na mfuko wa madaftari, mtaani wanajua nilikuwa Mererani. Nitumie jina langu?

Mwandika_Barua (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja, maana uzi ukirefuka mnalalamika.

Mimi ni wa Ngamiani, Tanga. Nilifungwa kwa kosa la kujeruhi, nikatoka mwaka jana baada ya kupunguziwa ile theluthi ya tabia njema. Mama aliwaambia majirani nimekwenda Mererani kutafuta mawe ya tanzanite. Binti yangu yuko darasa la tatu, naye anaamini hivyo hivyo. Juzi kaniuliza tanzanite ikitoka ardhini ina rangi gani. Nikasema buluu. Akanitazama, akasema mwalimu kawaambia mara nyingi huwa kahawia mpaka ichomwe. Nikanyamaza.

Ndani nilikuwa mwandishi wa barua. Sikukiomba cheo hicho. Wenzangu wengi mkono wao ulikuwa mzito na wengine hawakujua kuandika kabisa. Mimi nina kidato cha nne, nyapara akaninyooshea kidole. Mtu anakaa ubavuni kwangu ananong'ona, mimi naandika. Kwa mke, kwa mama, kwa kaka aliyechukua shamba. Barua zetu zilisomwa na askari kabla ya kutoka, kwa hiyo huwezi kujimwaga. Nikajifunza kusema jambo zito kwa maneno ambayo afande atayapitisha na mwenye barua yake atayaelewa. Kuna mzee wa Pangani alitaka kujua kama mkewe bado anamngoja au ameshaolewa. Tulihangaika naye kutwa, mwisho tukaandika: "Ule mkeka wangu bado unautandika?" Jibu likaja: "Mkeka upo, ila paa linavuja."

Sasa sikilizeni. Barua za watu zilitoka kweli tupu. Zangu kwa mama zilikuwa uongo mtupu: hali njema, chakula kizuri, msiwe na wasiwasi. Nikaanza kujiona. Mtu anayeweza kumsemea kila mmoja, yeye mwenyewe bubu. Hata ugomvi ulionipeleka ndani, nikiufuata nyuma, ulianza na maneno niliyoshindwa kuyatoa, ikaongea mikono. Ndipo nikafungua daftari langu.

Tatizo ni kwamba sasa niko uraiani na sauti ile imekimbia. Nikiketi, inatoka "Ndugu msomaji, jela si mahali pazuri." Najichukia nikiisoma. Nifanyeje? Na kitabu kikitoka, niweke jina langu au la kubuni?

Chumvi_Kidogo

Pole mkuu. Ila Mererani? Watu wanarudi huko japo na simu nzuri, wewe umerudi na madaftari. Ngamiani nzima walishajua siku ya kwanza, wanamstahi mama yako tu.

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, karibu nyumbani. Umeandika uzi huu bila "ndugu msomaji" hata moja, kwa hiyo sauti ipo. Umeiona mwenyewe? Hapa ulikuwa unatuambia sisi. Ukikaa na daftari unaandikia "jamii", na huyo Jamii sijui anakaa barabara ya ngapi.

Ndani kila barua ilikuwa na mtu wake. Rudi huko. Mfano tunao hapahapa Tanga: Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani 1909. Watu wanamjua kwa mashairi na riwaya, lakini ziko pia barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 mpaka 1958, zikachapishwa kuwa kitabu miaka mingi baada ya yeye kufariki. Hajipambi humo. Anamweleza ndugu yake habari zake na za nyumbani, basi, na ukisoma unamsikia mtu. Kitafute, kisha chagua mtu mmoja wa kumwandikia. Ukishindwa, mwandikie huyo binti anayejua rangi ya tanzanite kukuzidi.

Kibao_cha_Mbuzi

Mnampamba mno. Kila aliyelala ndani siku hizi ni mwandishi. Mtawataja waandishi wa Kenya, Abdilatif Abdalla na Ngũgĩ wa Thiong'o, lakini wale walikuwa wafungwa wa siasa. Abdilatif alifungwa kwa sababu ya kuandika, huyu ameandika kwa sababu ya kufungwa. Kuna mtu aliumia hapa, mbona simsikii?

Mvita_hadi_Tanga

@Kibao_cha_Mbuzi swali lako la mwisho ni zuri, ila hoja yako ya kwanza si kweli yote. Ni kweli Abdilatif alifungwa 1969 hadi 1972 kwa karatasi ya kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Lakini fungua kitabu chenyewe. Katika shairi la "Mnazi" kuna ndugu wawili wanagombea mti, kila mmoja na hoja zake, vuta nikuvute mpaka mwisho. Hakuna jela humo. Mtu yuko kifungoni, anawapa nafasi wawili wagombane, na yule asiyempenda naye anaongea vizuri.

Mleta uzi, jaribu hivyo. Mwache uliyemjeruhi aseme. Beti au mjazo, yaani nathari, shauri yako. Ukiona hoja zake zimetoka dhaifu, ujue bado unajitetea.

Mwandika_Barua

Mwalimu shikamoo, nimekuelewa. @Kibao_cha_Mbuzi hukunionea. Kurasa za huyo bwana niliyemjeruhi ninazo, na kila nikizisoma yeye ana mstari mmoja, mimi nina ukurasa. @Mvita_hadi_Tanga umenipata palepale.

Bi_Raskazoni

Kaka, mimi ni mtoto wa mtu wa "Mererani", ila kwetu tuliambiwa baba yuko Msumbiji. Nilijua ukweli nikiwa na miaka kumi na moja, kwa mtoto mwenzangu, kisimani, mbele za watu. Sikumchukia baba kwa jela. Nilichukia kwamba yule mtoto alijua kabla yangu. Ushauri wangu ni huo tu, suala la jina kwenye jalada ni la mwakani.

Chumvi_Kidogo

Dada umeniliza na nilikuja kutania.

Wakili_Mtarajiwa

Mmebanana kwenye jina la mwandishi, mimi naona majina ya wengine. Hizo barua ni za nani? Mkono ni wako, maisha si yako. Walikunong'oneza kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, hawakujua wanasimulia kitabu. Tazama: aya ya tatu ya uzi huu umeshaanika ndoa ya mzee wa Pangani. Pangani ni mji mdogo, na mkewe ana watoto, na watoto wana simu.

Kubadili jina hakutoshi kama umebakiza mji, umri, mkeka na paa. Walio hai watafute, waulize. Asiyepatikana au akikataa, mwache nje ya kitabu. Utaona kinachobaki ni kidogo, lakini hicho ndicho chako. Na jina la kubuni linakukinga wewe, haliwakingi wao.

Mwandika_Barua

Yule mzee ameshafariki, Mungu amrehemu. Lakini mkewe yupo. Sikuliwaza hilo hata kidogo, na uzi umeshanukuliwa, siwezi kuufuta. Nitakwenda Pangani.

Mfungasha_Vitabu

Kwa ufupi upande wa kazi, maana PM zimekuwa nyingi. ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, usilipe kishoka. Mchapaji akikutaka pesa yote mbele kabla hajasoma hata ukurasa, huyo ni mwenye mashine, si mchapishaji. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina riwaya na ushairi. Kwa hiyo ukiifuata njia ya @Mvita_hadi_Tanga una pa kupeleka. Ukibaki na kumbukumbu tupu, soma masharti kwanza.

Kibao_cha_Mbuzi

Sawa, narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu.

Mwandika_Barua

Mrejesho, wakuu.

Nimeongea na mama juzi baada ya isha. Nilijiandaa kwa kilio. Akaendelea kuchambua mchele, akasema: "Mwanangu, hata muuza mkaa aliniuliza chakula cha jela kikoje. Niliyekuwa namficha ni mtoto." Kisha akasema kitu kilichonishinda kujibu: barua zangu zote anazo, na hakuamini hata moja. Alizitunza kwa sababu ya mwandiko, alijua nikiumwa mwandiko unalala.

Nimeziomba. Naandika nikiziweka pembeni: huku nilivyomwambia, huku ilivyokuwa siku hiyohiyo. Zinatoka. Sijawahi kuandika haraka hivi. Za wenzangu nimezifunga kwenye mfuko, hazimo.

Mtoto bado. Bi_Raskazoni, kabla shule haijafunguliwa, naahidi. Pangani naenda Jumapili.

Bi_Raskazoni

Mwambie mkiwa wawili tu, bibi asiwepo. Akiwepo ataanza kumtetea mmoja wenu.

Chumvi_Kidogo

Na jina?

Mwandika_Barua

Sijaamua. Mama anataka langu. Anasema la kubuni watadhani ni la mtoto wa jirani.

Mwalimu_Mstaafu

Jumamosi saa nne niko Maktaba ya Mkoa. Leta kurasa kumi, si zaidi. Andika upande mmoja wa karatasi na uruke mstari, nipate pa kuweka kalamu. Na usinisomee kwa sauti, nitasoma mwenyewe.