Mrejesho: spidi ya swingi yangu ya gofu imepanda, mgongo nao ulinifundisha adabu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliopitwa: niliuliza hapa, mtu kama mimi wa miaka 44, hendikapu 19 (yaani mchezaji wa kawaida tu), anayecheza Jumamosi tu, afanye nini ili swingi yake (ule mzungusho wa fimbo) ya draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, ipite maili 88 kwa saa. Wengi mlisema nisinunue draiva mpya. Nilinuna kidogo, ila mlikuwa sahihi.

Nimefanya wiki kumi, siku tatu kwa wiki. Naanza na fimbo nyepesi, kisha nzito, kila swingi kwa nguvu zote bila mpira, na napumzika vya kutosha kabla ya kurudia. Lakini kilichonifungua macho ni ule ushauri wa kugeuza draiva, kushika upande wa kichwa na kusikiliza mvumo. Wangu ulikuwa unalia nyuma, karibu na bega la kulia, kabla hata sijafika ulipo mpira. Nguvu zote zinaishia hewani! Sasa unalia mbele.

Rada ya kupima spidi jana: wastani maili 94 kwa saa. Kwa kadirio la yadi mbili na nusu kwa kila maili iliyoongezeka, mpira unaenda kama yadi 15 zaidi, na kedi wangu (mbeba fimbo) ameacha kuniangalia kwa huruma.

Wiki ya nne nilijifanya mjuaji, nikafanya kila siku. Kiuno kikakaza, siku tisa sikugusa fimbo. Yule aliyenionya, samahani mzee wangu.

Mipira bado inapotea porini. Jumamosi iliyopita minne, sasa inapotea mbali zaidi.