Wimbo wa kupeleka Eurovision: achague mwananchi kwa simu au jopo la majaji?

Msafiri wa Oslo
Wadau, tujadili hili bila kuoneana haya. Mwaka 2011 Norway iliwakilishwa Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, na Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyeletwa huku mwaka 1991 akiwa mtoto mdogo, akakulia Eidsvoll. Wimbo wake, Haba Haba, ulishinda mchujo wa Melodi Grand Prix kwa kura za watazamaji na ukashika namba moja kwenye chati za Norway. Mwezi Mei ukapandishwa jukwaani Düsseldorf, ukaishia nusu fainali ya kwanza: nafasi ya 17 kati ya nchi 19, alama 30. Tangu hapo NRK, shirika la utangazaji linaloendesha mchujo, limekuwa likiwaingiza majaji, likiwatoa, likiwarudisha.

Msimamo wangu ni mmoja: kura iwe ya wananchi peke yao. Kodi inayoendesha NRK ni yao, bendera ni yao. Wakikosea, wamekosea wao. Jopo la watu watano au kumi lililoteuliwa ofisini halina haki ya kutengua chaguo la nchi nzima. Karibuni.

Fundi Mitambo (Nairobi)
Kaka, haki sawa, lakini lengo ni nini? Kama ni kufurahi nyumbani, piga simu. Kama ni kushinda, sikiliza watu wa kazi.

Mimi hufunga mitambo ya sauti kwenye matamasha, kwa hiyo niseme ninachokijua. Kanuni za Eurovision: dakika 3, watu wasiozidi 6 jukwaani, sauti ya mwimbaji mkuu inaimbwa moja kwa moja. Mwaka 2011 hata sauti za waitikiaji zilikuwa lazima ziwe za papo hapo; ruhusa ya kuzirekodi ilikuja 2021. Sasa chukua wimbo wa kuchezeka kama ule, uliojengwa studio kwa sauti zilizopangwa safu juu ya safu. Nafasi ni 6. Ukiweka wachezaji watatu, wewe ni wa nne, waitikiaji wamebaki wawili. Kiitikio kilichosikika redioni kama umati mzima kinabaki watu wawili wanaohema. Mtazamaji anayepiga kura sebuleni hafikirii hilo, anakumbuka wimbo wa redioni. Jaji anayejua kazi anauliza swali la kwanza kabisa: hiki kitasimamaje bila studio?

Mzee wa Kariakoo
Hapo mimi naungana na Fundi, majaji lazima. Umma unachagua kwa mihemko.

Ila mmeanza na "mzaliwa wa Nairobi" mkitaka tupige makofi. Wimbo wenyewe sehemu kubwa ni Kiingereza, Kiswahili kimewekwa kama chumvi. Wakenya siku zote mnakitoa Kiswahili mnapoona wageni, wageni wakiondoka mnarudi kwenye Kiingereza chenu. Ungetoka Dar, ungeimbwa Kiswahili mwanzo mwisho.

Bint Kisauni
Shikamoo mzee. Heshima yako nimekupa, sasa nisikilize.

"Wakenya mnakitoa Kiswahili mnapoona wageni" unamwambia nani? Mimi nimezaliwa Kisauni, mama yangu Mvita, bibi yangu Lamu. Kiswahili ndicho nilichonyonyeshwa, ndicho nitakachozikiwa. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi yake Mombasa kabla Dar es Salaam haijawa hata mji. Hiyo Kariakoo unayoisemea jina lake limetokana na jeshi la wapagazi la Mwingereza. Usitufanye sisi wanafunzi.

Mzee wa Kariakoo
Marahaba binti. Hujajibu nilichosema. Sikusema watu wa pwani hawajui Kiswahili. Nimesema wimbo ule ulikuwa wa Kiingereza. Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi, na watu wa pwani yote walinunua sahani zake za santuri kwa sababu aliimba lugha yao. Huyo ndiye aliyekipeleka Kiswahili ugenini.

Bint Kisauni
Siti binti Saad ni Mzanzibari, mzee. Leo umemhamishia Kariakoo?

Mzee wa Kariakoo
Zanzibar ni Tanzania au si Tanzania? Jibu hilo kwanza.

Msafiri wa Oslo
Jamani, swali lilikuwa kura za simu na majaji. Tafadhali.

Chuma Chakavu
Mnazunguka tu. Ukweli hausemwi: Wanorwe walimchagua yule dada mwaka 2012 ili waonekane watu wema wasiobagua. Kura ya huruma. Ulaya ilipousikiliza bila huruma, ikautupa.

Mama Wawili (Bergen)
Kwanza ilikuwa 2011. Ya 2012 ni Tooji, aliyezaliwa Iran, naye alichaguliwa Norway akamaliza wa mwisho kwenye fainali kule Baku. Na mwaka 2009 Alexander Rybak, aliyezaliwa Minsk, aliipa Norway ushindi Moscow kwa alama 387. Huyo naye alichaguliwa kwa huruma? Mbona mwenye ngozi nyeupe akishinda ni kipaji, mwenye ngozi yetu akishinda ni huruma?

Mwanangu mkubwa alikuwa chekechea mwaka ule. Watoto wa hapa, wenye majina ambayo mpaka leo ulimi wangu unayakwepa, walikuwa wakiimba kile kiitikio wakivaa mabuti ya mvua mlangoni, na mwalimu akamwita mwanangu awafundishe kukitamka. Kabla ya hapo alikuwa akiniomba nisimsemeshe Kiswahili mbele ya wenzake. Baada ya hapo alikuwa ananisemesha yeye, kwa sauti, kwenye basi. Jopo la wataalamu lingeweza kuusikia wimbo ule, likaandika "hautauzika Ulaya", likauweka kando, na lingekuwa sahihi kwa hesabu. Mimi ningekosa kitu ambacho nafasi ya 17 haikukigusa hata kidogo. Neno "huruma" lifute, kaka. Limeniuma.

Chuma Chakavu
Dada, mimi nazungumzia matokeo. Alama 30. Namba hazina rangi.

Mama Wawili (Bergen)
Namba unazozijua ni za Düsseldorf tu. Za Norway huzitaki, kwa sababu zinasema watu wa hapa waliupenda, wakaununua, wakaucheza. Mtu hanunui wimbo kwa huruma.

Fundi Mitambo (Nairobi)
Nakubaliana na Mama Wawili kuhusu hilo la huruma, ni tusi. Lakini ametusaidia kuona kitu: wimbo unaweza kuwa chaguo sahihi kwa nchi na lisilo sahihi kwa mashindano. Ndiyo maana nasema changanyeni, nusu umma nusu majaji, kama Sweden.

Msafiri wa Oslo
Sweden hiyo hiyo, mwaka 2025, majaji walimtaka Måns Zelmerlöw, mshindi wa Eurovision ya 2015. Wananchi wakasema hapana, wakawapeleka KAJ, vijana wa Finland wanaoimba Kiswidi cha kwao wakisifu sauna. Tangu 1998 Sweden haikuwa imepeleka wimbo wa Kiswidi. Wakamaliza wa nne Basel. Nani alikuwa anajua zaidi hapo?

Na msinisahaulishe KEiiNO wa 2019, kundi letu lenye mwimbaji wa joik, uimbaji wa jadi wa Wasami, watu wa asili wa kaskazini huku. Watazamaji wa Ulaya waliwapa alama 291, wa kwanza kabisa kwenye kura za umma. Majaji wakawapa 40. Nafasi ya sita! Mpaka leo nikikumbuka usiku ule damu inachemka. Halafu mnaniambia majaji ndio wanaojua kazi.

Bint Kisauni
Hao KEiiNO waliimba lugha gani, kaka?

Msafiri wa Oslo
Kiingereza zaidi, na sehemu za Kisami.

Bint Kisauni
Basi Wasami hawakukasirika kwamba ilikuwa kidogo. Walifurahi. Mzee wa Kariakoo asome hapo.

Mzee wa Kariakoo
Nimesoma. Wasami ni wachache, wanashukuru hata wakipewa punje. Sisi wasemaji wa Kiswahili ni mamilioni kwa mamilioni. Kwa nini tushukuru kwa mstari mmoja? Hapo ndipo tunapotofautiana, binti yangu, wala si Kenya na Tanzania. Wewe unafurahi tumetajwa. Mimi nataka tusikike.

Bint Kisauni
Nimekuelewa, mzee. Lakini aliyepanda jukwaani hakuwakilisha Kenya wala wewe. Aliwakilisha Norway. Msichana mwenye bendera ya watu wengine mkononi aliingiza humo alichopewa nyumbani kwao. Ulitaka awaimbie Wanorwe dakika 3 kwa lugha wasiyoijua, halafu wampigie kura kwa simu? Wewe ndiye uliyesema umma unachagua kwa mihemko.

Kijana wa Goma
Nami niingie. Mnasahau mwaka 2025 Uholanzi ilimpeleka Claude, mzaliwa wa Kongo aliyefika kule akiwa mtoto. Hakukuwa na kura yoyote ya umma. Shirika la utangazaji AVROTROS lilimchagua ndani kwa ndani, likamtangaza. Akaimba Kifaransa na Kiingereza, akamaliza wa 12, na majaji ndio waliompa alama nyingi kuliko watazamaji. Kwa hiyo kwetu sisi watu wa kuja, jopo si adui siku zote. Mlango wa ofisi unaweza kufunguka pale ambapo umma ungesita. Mimi nilijivunia sana. Nyumbani tulikaa watu wengi mbele ya runinga moja, hata wazee wasiopenda mambo ya vijana.

Mzee wa Kariakoo
Kifaransa tena!

Kijana wa Goma
Mzee, mimi Kiswahili ni changu na Kifaransa nilisomeshwa nacho. Sina haja ya kuomba radhi kwa yeyote.

Chuma Chakavu
Uingereza imejaribu njia zote. 2019 wananchi walichagua, wakawa wa mwisho. 2021 wakubwa walichagua ndani kwa ndani, wakapata sifuri. 2022 ndani kwa ndani tena, Sam Ryder akawa wa pili kwa alama 466. Njia ile ile, mwaka mmoja sifuri, mwaka wa pili karibu ushindi. Tatizo ni wimbo.

Fundi Mitambo (Nairobi)
Kwa mara ya kwanza Chuma amesema jambo. Lakini angalia kwa nini: 2022 waliomtafuta walikwenda kwa mtu mwenye sauti inayosimama bila msaada. Swali langu la mwanzo lile lile, kitasimamaje bila studio. Yule alisimama na gitaa na sauti yake. Ndiyo maana nasema mwenye kuchagua awe na sikio.

Msafiri wa Oslo
Na mwenye sikio anateuliwa na nani? Mwaka 2020 mfumo wa kura za mtandaoni wa NRK ulikwama usiku wa fainali, wakatumia jopo la akiba. Watu hapa walikasirika wiki nzima. Si kwamba waliochaguliwa walikuwa wabaya. Walihisi wamenyang'anywa. Hisia hiyo ndiyo ninayoipigania, Fundi, na kila ukijibu unanirudisha kwenye maikrofoni.

Mama Wawili (Bergen)
Hapo niko nawe, Msafiri. Ila tukubali pia kura za simu zina mwenye pesa. Kwenye Eurovision mtu mmoja aliruhusiwa kupiga hadi mara 20. Mwenye salio anapiga 20, mwenye watoto na bili anapiga moja. Ukisema "nchi imechagua", ujue nchi hiyo ina sauti kubwa na ndogo.

Bint Kisauni
Hili liletwe kwetu sasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikianzisha mashindano yake, JAMAFEST, tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya, imeshatuonyesha tunaweza kukusanyika, Kigali 2013, Dar 2019. Kila nchi na wimbo wake. Mzee wa Kariakoo, wimbo wa Tanzania achague nani?

Mzee wa Kariakoo
Wananchi. Kwa simu. Mtanzania anajua muziki, hahitaji jopo la kumfundisha.

Bint Kisauni
Umma wa Norway unachagua kwa mihemko, wa Tanzania hauhitaji jopo?

Mzee wa Kariakoo
Mtu wa Norway kupiga kura ya bongo fleva ni sawa na mimi kupiga kura ya joik. Kila umma uchague muziki ulioukulia, hapo hauhitaji mwalimu. Na fainali ya Jumuiya ihesabiwe kura kwa kura, si kwa alama za nchi.

Kijana wa Goma
Kura kwa kura tunawashinda, mzee. Kongo imeingia Jumuiya mwaka 2022 na watu wake zaidi ya milioni 100. Tukiamua wote, wimbo utakuwa wa Lingala miaka kumi mfululizo.

Mzee wa Kariakoo
Lingala kwenye Jumuiya yenye Kiswahili? Hapana.

Kijana wa Goma
Basi kubali alama kwa nchi kama Eurovision. Pale alama ya juu ni 12: Malta inatoa 12 na Ujerumani inatoa 12.

Bint Kisauni
Na Burundi 12, Sudan Kusini 12. Ni haki.

Mzee wa Kariakoo
Si haki hata kidogo. Na sheria ya kwanza iandikwe: angalau nusu ya maneno yawe ya Kiswahili. Bila hiyo Tanzania isishiriki.

Msafiri wa Oslo
Eurovision nayo ilikuwa na sheria ya lugha, kila nchi iimbe lugha yake, mpaka ikafutwa 1999. Norway ilipata sifuri mara kadhaa chini ya sheria hiyo, Jahn Teigen 1978 akiwa mmojawapo, na wimbo wake ukapendwa sana nyumbani. Mzee, unaweza kuipata sheria yako. Ila majaji watakaohesabu hayo maneno watateuliwa na nani?

Mzee wa Kariakoo
BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa.

Bint Kisauni
BAKITA ni ya Tanzania, mzee! Ya Kenya je? Ya Kongo je?