Mama anafungua bandeji ya kidonda ndugu kila akifika nyumbani, nimweleweshe vipi?

Binti_Kihonda: Habarini wakuu. Mama yangu ni mama lishe, kutwa yuko wima jikoni. Ana kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kinatoa maji muda wote na ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi na ngumu. Sukari amepimwa, hana. Hospitali wakasema ni mishipa ya kurudisha damu, wakamfunga bandeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Akifika nyumbani anaifungua, eti inamchoma na kidonda kinataka hewa. Juzi nimemkuta amekimwagia unga wa rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki. Nikisema, ananijibu, "Wewe umesomea udaktari lini?"

Mjukuu_wa_Chifu: Achaneni na bandeji. Osha na mwarobaini, kinakauka chenyewe. Nicheki pembeni.

Sista_Zamu: Mkuu, huko kukausha ndiko tunakokukataa. George Winter alionyesha tangu 1962, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya haraka kuliko kilichoachwa wazi.

Binti, tunawaita wagonjwa wabishi wakati hakuna aliyewaeleza bandeji inafanya nini. Wanaambiwa "usifungue, rudi Jumatano", basi. Mwonyeshe kwa mguu wake mwenyewe. Jioni akitoka kazini, bonyeza ugoko kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, uachie. Shimo litabaki. Mwambie ni maji hayo: vali za mishipa, yaani vimilango vya kuzuia damu isirudi, zimelegea, damu inarudi chini, maji yanajaa mguuni na ndiyo yanayovuja kidondani. Asubuhi kabla hajashuka kitandani mbonyeze tena, uvimbe utakuwa umepungua. Bandeji inamsaidia hivyo hivyo akiwa amesimama.

Kuchoma usikudharau. Kabla ya kumfunga walipima mapigo ya mguu? Kama mishipa ya kupeleka damu imeziba, kubana kunaweza kuua nyama. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, afungue hapo hapo mrudi hospitali.

Binti_Kihonda: Ubarikiwe sista. Walipima kwa kile kimashine kinachotoa sauti, wakasema damu inafika vizuri. Vidole vina joto. Na ule unga je? Maana kupumzika hawezi, biashara ndiyo inatulisha.

Sista_Zamu: Unga unaganda juu ya kidonda na unaweza kumletea mzio. Spiriti na peroksaidi navyo weka mbali, maji yaliyochemshwa yakapoa yanatosha. Gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, ikishika, ilowesheni kwanza, msiibandue kavu. Antibayotiki ni pale maumivu yanapozidi, wekundu unasambaa, usaha au homa.

Kazi afanye tu. Kusimama palepale ni kubaya kuliko kutembea, kwa sababu shavu la mguu ndilo linalosukuma damu juu. Akikanda chapati awe ananyanyua visigino. Wateja wakipungua alale, miguu iwe juu kuliko moyo. Kuiweka kwenye kigoda hakutoshi.

Mzee_Soksi: Na kikifunga asidhani ameachana na kubanwa. Ndipo soksi za kubana zinapoanza, la sivyo kinarudi. Mie navaa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, wajukuu wananiita beki wa mpira.

Daktari_Mstaafu: Kina muda gani? Kingo zikinyanyuka au nyama ikiota ovyo, waombe wakate kipande wapime. Kidonda cha miaka mingi kinaweza kugeuka saratani.

Binti_Kihonda: Kina mwaka na zaidi, kingo ziko bapa, ila Jumatano nitauliza. Jioni hii nimembonyeza ugoko. Ameona shimo, akaguna, kisha akaniuliza kama bandeji inafuliwa au ndiyo kila mara tununue mpya.

Sista_Zamu: Zile za kuvutika nyingi zinafuliwa. Maji ya vuguvugu na sabuni, usizikamue kwa nguvu, anika kivulini, pasi marufuku. Ukiivuta ikawa hairudi, hiyo imekufa, nunua nyingine.