Mahindi au mtama masika hii? Nina ekari nne, nanunua mbegu Jumamosi

Kijana_wa_Himo (mwanzisha mada)
Habari za jioni wakuu. Nina ekari nne, nimeshalima, bado kupiga haro. Jumamosi nashuka Moshi mjini kununua mbegu na hela yangu inatosha aina moja tu. Kuna mahindi chotara (mbegu ya kuchanganya aina tofauti) ya muda mrefu ambayo jirani yangu alivuna vizuri sana, kuna mahindi ya Stuka ya muda mfupi, na kuna mtama, aina ya Macia. Mwaka jana mvua ilikata nikapata magunia sita shamba zima. Ipi itavumilia jua?

Baba_Ngwara
Kijana, shamba liko wapi? Himo kwenda juu Marangu au kwenda chini Kahe? Hizo ni nchi mbili. Udongo wa aina gani? Una zamu ya mfereji? Na huyo jirani aliyevuna vizuri alimwagilia au aliishi kwa mvua? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

mtama_kwanza
Popote lilipo, weka mtama. Mahindi yamekuja kwa meli kutoka Amerika, mtama umezaliwa huku huku Afrika, pande za Sudan na Ethiopia, jua umelizoea. Mizizi inakwenda chini sana, jani lina nta, na kiu ikizidi unasimama kukua. Unakaa pale kama umelala. Mvua ikirudi unaendelea ulipoishia. Mahindi yakishafika kutoa mbelewele, lile ua la dume kileleni, hayana subira hiyo.

Baba_Ngwara
Hiyo nakubali, lakini bado hajajibu shamba liko wapi.

Mama_Pacha
Wanangu, kwenye mbelewele hapo ndipo palipouma kwangu, ngoja niwaeleze.

Nalima Mabogini, ekari mbili, nje ya mfereji. Muuza mbegu mmoja alinishauri nichukue chotara ya miezi minne na nusu, akasema hindi lake ni kama mkono wa mtu. Nikanunua, nikapandia mbolea ya DAP, nikapalilia mara mbili, nikaweka mbolea ya urea. Mahindi yakawa meusi kwa ukijani, watu wanapita barabarani wanasimama kuangalia. Mvua ikakata siku chache kabla ya kuchanua. Asubuhi majani yamefunguka, ikifika saa tano yamejikunja kama vitunguu. Nikasema yanajikinga, yatapona.

Mbelewele zikatoka kwa wakati wake. Nywele za hindi hazikutoka. Nilikuwa nazunguka kila siku kukagua. Kwenye mimea mingi nywele zilichungulia zaidi ya wiki moja baadaye, na wakati huo unga wa mbelewele umeshamwagika na kukauka, hakuna cha kuzishikisha. Halafu mvua ikarudi! Mahindi yakanawiri tena, nikashukuru Mungu. Siku ya kuvuna ninamenya hindi kubwa, zuri, ndani gunzi lina punje kumi, lingine ishirini, lingine tupu kabisa. Nilikaa chini pale pale shambani. Nilikuwa nimekopa hela ya mbolea kwenye kikundi, nikauza mbuzi wawili kulipa.

Kwa hiyo usiulize tu mbegu ipi inavumilia jua. Uliza itachanua wiki gani, na wiki hiyo maji yatatoka wapi.

Fundi_Udongo
Shikamoo mama, na pole sana. Uliyoyaeleza ndiyo tunayoyaona mashambani. Mmea wa mahindi ukibanwa na kiu, chakula kidogo uliokuwa nacho unakipeleka kwenye mbelewele kwanza, hindi changa linaachwa nyuma. Nywele zinachelewa, chavua, ule unga wa mbelewele, haisubiri. Kiu ya wakati huo inaweza kuondoa nusu ya mavuno na zaidi, wakati kiu ile ile mahindi yakiwa magotini mmea unaweza kuisahau. Joto nalo likipita nyuzi 35 chavua inakufa hata kama udongo una unyevu.

Mbegu za kustahimili ukame nyingi zimechaguliwa kwa jambo hilo hilo: nywele na mbelewele zitoke karibu pamoja hata mmea ukiwa na kiu. Stuka, ambayo watafiti wa Selian pale Arusha waliitoa mwaka 2001, ina faida nyingine: inawahi kuchanua mvua ikiwa bado ipo. Huko siyo kuvumilia jua, ni kulikimbia. Ubaya wake, mwaka wa mvua nzuri chotara ya muda mrefu inaiacha mbali.

Oldonyo_Shamba
Mtama, mtama, mbona hamsemi ndege? Nilipanda mtama mweupe Makuyuni. Kwelea kwelea waliposhuka, asubuhi moja tu, masuke yakabaki mabua. Hao wanapenda mweupe kwa sababu hauna uchungu. Kuanzia punje zikiwa na maziwa mpaka kuvuna lazima mtu awe shambani alfajiri na jioni anaamia, yaani anafukuza ndege.

mtama_kwanza
Panda mwekundu basi. Una tanini inayoutia uchungu, ndege hawaupendi sana.

Oldonyo_Shamba
Na mimi siupendi. Ugali wake mchungu, na sokoni Moshi utamuuzia nani?

mtama_kwanza
Aisee, bibi zetu walikula na wakazaa. Na Macia nimekula miaka mingi, ugali mweupe, laini. Tatizo ni mazoea.

Dogo_Tengeru
Samahani kuingilia. Hiyo chotara, si unaweza kuchambua punje kubwa ukapanda tena mwaka ujao? Hela inapungua.

Fundi_Udongo
Usifanye hivyo. Ukirudia chotara, nguvu inashuka na shamba linatoka mimea mirefu kwa mifupi. Stuka na Macia siyo chotara, ndizo unaweza kuhifadhi mbegu yake misimu kadhaa, ukichagua vizuri katikati ya shamba.

Kijana_wa_Himo
Samahani wakuu, nilikuwa safarini. Shamba liko chini, Kahe, siyo Himo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka mguu unaingia. Nina zamu ya mfereji mara moja kwa wiki, ila mwezi wa tano maji yote yanakwenda kwenye mpunga. Jirani yeye ana pampu.

Baba_Ngwara
Kijana! Ana pampu! Hayo ungesema kwanza. Mavuno ya jirani yalitoka kwenye pampu, siyo kwenye mbegu. Chotara ya muda mrefu ukipanda Machi itachanua mwezi wa tano mwishoni au wa sita, hapo huna maji. Iondoe. Weka Stuka, katikati weka ngwara, ile jamii ya maharage inayotambaa. Inafunika ardhi, unyevu unakaa.

Mama_Pacha
Namuunga mkono Baba Ngwara. Ila apande mvua za kwanza kabisa, asingoje.

mtama_kwanza
Mimi bado nasema mtama. Na hesabu ya hela haiko kama anavyodhani. Ekari ya mahindi inakula kilo 8 mpaka 10 za mbegu, mtama kilo 3 au 4. Kwa hela ya chotara ya ekari nne anapata Stuka ekari mbili, Macia ekari mbili, na chenji inabaki.

Kijana_wa_Himo
Hilo sikuwa nalijua. Lakini ndege ataamia nani? Wadogo zangu wako shule. Na nina ng'ombe wawili, nilitaka wapate majani.

Oldonyo_Shamba
Ng'ombe uwe makini sana! Mtama mchanga una sumu, na ule uliopigwa na jua halafu ukachipua kwa mvua ni hatari zaidi. Ndugu yangu alifungulia mtamba kwenye machipukizi baada ya kuvuna, hata saa moja haikupita akaanguka, anahema kwa shida, povu mdomoni. Tulimpoteza.

Dogo_Tengeru
Kumbe! Sisi tunawapa mabua makavu ya mtama kila mwaka.

Fundi_Udongo
Yaliyokauka vizuri hatari yake ni ndogo. Machipukizi ndiyo uyaogope, mpaka yapite kiuno.

Kijana_wa_Himo
Asanteni wote. Stuka nachukua, hiyo nimeshaamua. Macia bado nazungumza na mzee nyumbani, yeye ndiye atakayekaa na ndege. Baba Ngwara, mbegu ya ngwara naipata soko gani, Kiboriloni au Mbuyuni?